Uso wa Istahil kwenye Lango la Chuo

Kwenye lango la Chuo cha Ufundi cha Wardere, hapa Garissa, kuna bango kubwa lililochapishwa Nairobi na kufungwa kwa waya, na juu yake umeandikwa uongo kwa herufi nyekundu: KATI YA KILA WAHITIMU WETU KUMI, TISA WANA KAZI. Chini ya maneno hayo yuko msichana mwenye kofia ngumu ya manjano juu ya hijabu. Anatabasamu, ameshika bisibisi. Msichana huyo ni Istahil, mtoto wa dada yangu. Mimi hupita hapo nikipeleka mbuzi sokoni, na kila nikipita hutema mate. Mlinzi mmoja aliwahi kuniambia nikateme kwingine. Nikamwambia anionyeshe mahali panapostahili zaidi, akarudi kwenye kiti chake.

Naitwa Nunow, dalali wa mifugo. Mtu akiniletea ngamia nimtafutie mnunuzi, mnunuzi humfungua mdomo akakagua meno, akamshika nundu, akamtembeza huku na huku. Sijaona mtu aliyenunua ngamia kwa kumpigia simu. Lakini chuo kile kilipima watu kwa simu, na mtoto wetu nusura aharibikiwe na maisha kwa sababu hiyo. Atakayeniona mkali katika habari hii na anione hivyo hivyo. Sikukaa chini kuandika ili nimfurahishe mtu.

Istahil alizaliwa Buna, kule Wajir Kaskazini. Baba yake, Alio, alikuwa na ng'ombe na ngamia wa kutosha kumfanya mtu atembee polepole mjini ili aonekane. Ukame ukamaliza ng'ombe, ukarudi kwa ngamia, na Alio mwenyewe akafuata kwa ugonjwa wa kifua. Dada yangu Maka akapanda lori la mifugo na mtoto wake wa pekee, akaja kwangu Garissa. Nikampa chumba cha uani. Hakungoja kulishwa; akaanza kuchukua matikiti kwenye mashamba ya kando ya mto Tana na kuyauza kwenye meza mtaani kwetu, vipande kwa wapita njia, mazima kwa wenye familia.

Maka ana tabia moja ambayo imenikera tangu utotoni. Huwezi kusikia neno baya kutoka kinywani mwake. Paa likivuja, nabad. Matikiti yakioza, alhamdulillahi. Sasa, kwa asiyetujua, nieleze. Salamu yetu ni nabad, yaani amani, na jibu lake ni nabad. Utaulizwa nyumba, watoto, mifugo, mvua, na kote utajibu nabad, hata kama mbuzi wako wa mwisho amekufa asubuhi hiyo. Hatusemi uongo. Ni adabu, kwa sababu humtwishi mtu mzigo wako akiwa bado amesimama mlangoni. Mgeni huketi, huletewa chai, na chai ikishashuka ndipo mwenyeji huinamisha kichwa na kusema yaliyomo moyoni. Habari yenyewe huanza baada ya chai, na kila mtu wa huku anajua hivyo. Kumjibu mtu kwenye salamu kwamba si nabad ni jambo la kutisha. Maneno hayo husemwa nyumba ikiungua au damu ikimwagika, na anayeyasikia ni lazima aache alichokuwa akifanya, aketi, asikilize.

Dada yangu yeye alikuwa hafiki kwenye yale ya baada ya chai. Alikunywa chai, akaosha vikombe, na bado ilikuwa alhamdulillahi.

Istahil alifanya vizuri shuleni, na chuo kikamchukua kusomea umeme na sola. Maka akatangaza mtaa mzima kwamba binti yake atakuwa injinia. Wanawake wa sokoni wakaanza kumwita Hooyo Injinia, mama wa injinia, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wetu.

Nitawaambia walivyofundishwa umeme. Kulikuwa na ubao uliochorwa nyaya kwa rangi, nyekundu huku na nyeusi kule, na wanafunzi walisimama mbele yake wakionyesha kwa rula. Paneli za kweli zilikuwepo. Zililetwa na wafadhili kwa sherehe na hotuba, na siku iliyofuata mkuu wa chuo, Mwalimu Yahye, akazifungia stoo ili zisiharibike, ufunguo akatia mfukoni mwake. Wageni wakija, paneli zinatolewa, zinafutwa vumbi, wanafunzi wanavishwa kofia na kupangwa kuzizunguka, picha zinapigwa, na paneli zinarudi gizani. Picha ya bango ilipigwa siku kama hiyo. Istahil alimaliza masomo yake bila kukaza hata skrubu moja kwenye kitu chenye umeme ndani yake, na alifaulu kwa alama za juu. Angeanguka vipi? Ubao haumpigi mtu shoti.

Alipomaliza nikamtafutia kazi mwenyewe. Keynan, mwenye duka la vinywaji baridi karibu na stendi, alikuwa amenunua paneli na inveta mpya akitafuta fundi wa kumfungia. Nikamwambia kwa majivuno kwamba ninaye fundi mwenye cheti cha serikali. Istahil akapanda juu ya paa akiwa na bisibisi ya kuazima, na huko akakuta nyaya zote nyeusi. Hapakuwa na nyekundu. Kwenye ubao wa chuo nyekundu ilikuwepo siku zote. Testa ya kupimia hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo asingejua kuisoma. Akakisia. Inveta ikalia mara moja, ikatoa moshi, ikafa.

Keynan alimteremsha kwa matusi mbele ya wateja. "Chuo gani hiyo ilikufundisha?" alipiga kelele. "Chuo ya kuchoma mali ya watu? Toka hapa na karatasi yako!"

Istahil alikuja nyumbani akafunga mlango. Alipoufungua, macho yake yalikuwa makavu. "Abti," aliniambia, kwa maana mimi ni mjomba wake na ndivyo tunavyoitana, "mimi najua kuchora. Sijui kushika." Nimesikiliza wasomi wengi redioni wakieleza kwa nini vijana wetu hawana kazi, na sijamsikia aliyelisema jambo hilo kwa ufupi kuliko huo. Tangu siku hiyo akakaa kwenye meza ya mama yake, akikata matikiti.

Kisha wizara ikaamua kupima vyuo. Ilitaka kujua kama vijana wanaotoka huko wanafanya kazi walizosomea. Swali lenyewe ni zuri, sina ugomvi nalo. Chuo ambacho wahitimu wake wengi wana kazi kingejengewa karakana mpya. Mwalimu Yahye akamchukua Sadia, msichana aliyemaliza pamoja na Istahil, upande wa biashara, akamkalisha chumbani na simu awapigie wenzake. Sadia naye hakuwa na kazi. Kwa siku chache alizokaa kwenye kiti kile na yeye akahesabiwa kwamba anayo.

Simu yake ilimkuta Istahil akiwa na kisu mkononi na maji ya tikiti hadi kwenye viwiko. Maka akabonyeza spika, akaishika simu mbele ya uso wa binti yake. Nilikuwa hapo hapo nimeketi kwenye ndoo, nikasikia kila neno.

"Nabad, walaal?" alisema Sadia, akimwita ndugu.

"Nabad."

"Hooyo je?"

"Nabad."

"Na kazi?"

Maka alimtazama binti yake. Istahil akamtazama mama yake. "Alhamdulillahi," akajibu.

"Inaenda?"

"Inaenda, mashallah."

"Haya, poa. Tutaongea."

Simu ikakatika. Istahil akarudi kwenye tikiti lake, akifikiri rafiki yake atapiga tena wazungumze ya maana. Hakujua kwamba amekwisha kuhojiwa. Kule chumbani Sadia alikuwa ametia alama yake: huyu amejiajiri. Chuo kilikuwa kimechukua salamu ya mtu na kuihesabu kuwa ajira, na nyingine, na nyingine, kutoka Mandera hadi Hagadera, mpaka tisa wakapatikana kwa kila kumi. Wote walimwambia alhamdulillahi. Alitaka wamwambie nini?

Baadaye nilimkuta Sadia njiani nikamsimamisha. "Wewe ni mtoto wa huku," nilimwambia. "Hujui jibu la salamu?"

"Najua, abti."

"Basi kwa nini hukuuliza tena?"

"Mkuu alisema kila mtu dakika kidogo tu, kredo isiishe. Na mimi nilitaka kazi iendelee, wallahi. Ukiuliza sana watu wanaanza kulia kwa simu."

"Kwa hiyo ulijua!"

Akaanza kulia yeye. Nikamwacha hapo hapo barabarani. Machozi yake hayakunipunguzia hasira hata kidogo.

Bango lilipopandishwa, Maka alinunulia watoto wa mtaa peremende. Nikamwambia, "Maka, ule ni uongo. Mtoto wako hana kazi."

"Ni dua," akanijibu. "Ukitaja mema, Mungu huyaleta."

"Dua hiyo imemletea Yahye karakana. Kwako imeleta nini?"

Akanigeuzia mgongo akaanza kupanga matikiti ambayo yalikuwa yamepangika tayari. Hatukusemezana mpaka siku ya pili.

Mlango ulifunguka upande mwingine. Shirika moja linalosimamia kliniki za kambi za wakimbizi lilitangaza nafasi za mafunzo Hagadera. Vijana waliosomea sola wangekaa mwaka mzima na mafundi wa kweli, wafungue mitambo, waifunge, waiharibu na waitengeneze. Masharti yalikuwa mawili tu: uwe umehitimu, na uwe huna kazi. Istahil alilisoma tangazo lile kwenye simu yake mara nyingi kiasi kwamba nilimwambia maandishi yatafutika. Hicho ndicho alichokuwa amekikosa. Kushika.

Aliyewahoji alikuwa kijana wa Mandera anayeitwa Hamse. Istahil hakumficha kitu, akamweleza habari ya inveta ya Keynan. Hamse akacheka, akamwambia yeye mwenyewe katika maisha yake amechoma mbili. Istahil alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kwa haraka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikula akamaliza sahani.

Halafu Hamse akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameuliza chuo kuhusu wote aliowahoji, na chuo kimemwambia Istahil ana kazi. "Dada, wachia nafasi wale hawana kitu," alisema. "Uso yako iko kwa bango, na wewe unakuja kulia kwangu huna kazi? Haya." Akakata. Nafasi zingefungwa baada ya mahafali ya chuo, ambayo hayakuwa mbali.

Tukaenda kwa Mwalimu Yahye, mimi na Istahil. Ofisi yake ina baridi ya kumfanya mtu ajifunge shuka. Alitukaribisha vizuri, akauliza nabad, nikamjibu nabad kwa meno yaliyobana. Istahil akamweleza kwa upole kwamba kumekuwa na makosa, kwamba jina lake limeandikwa miongoni mwa wenye kazi na yeye hana.

Yahye akageuza skrini ya kompyuta akasoma. "Hapa umejiajiri. Biashara ya kilimo."

"Nakata matikiti ya mama yangu," alisema Istahil.

"Ndiyo hiyo hiyo."

Nikadakia. "Mwalimu, wewe ulimfundisha kukata tikiti?"

"Mzee, usipandishe sauti katika ofisi ya serikali." Akamgeukia Istahil. "Uliulizwa swali ukajibu kwa mdomo wako. Au wewe ni mwongo?"

"Ilikuwa salamu."

"Wewe umezaliwa hapa hapa, Yahye," nikamwambia. "Mama yako na mama yangu walichota maji kisima kimoja. Unajua salamu ni nini."

Nilitegemea ataona haya. Hakuona. "Najua," alisema. "Wizara ndiyo haijui. Namba imeshafika Nairobi, mzee. Karakana nzima imesimama juu ya hiyo namba. Nikimtoa huyu leo, kesho watajipanga hapo nje wote. Mnataka niwanyime wadogo zake karakana kwa sababu yake?"

"Karakana ya kufungia paneli?" aliuliza Istahil.

Tabasamu likamtoka Yahye usoni. Akagonga meza kwa kalamu, kisha akasema tuelewane. Wageni wa wizara wanakuja kwenye mahafali. Atamwita Istahil jukwaani, yule wa kwenye bango, atamsalimu mbele ya watu, na yeye atajibu vile vile alivyojibu kwenye simu. Wageni wakishaondoka, yeye Yahye atampigia Hamse amwambie kwamba kulikuwa na makosa, msichana hana kazi.

Nikasimama. Nilimwita Yahye jina ambalo sitaliandika hapa, na karani wake akachungulia mlangoni. Istahil akanivuta mkono. "Keti, abti." Halafu akamwambia yule mtu, "Nitakuja."

Tuligombana njia nzima. Nilimuuliza kama amerukwa na akili, asimame mbele ya umati aseme ana kazi ili aje aambiwe kwamba hana. Akaniambia nishushe sauti. "Wewe una hasira, abti, na hasira yako inakutosha," alisema. "Mimi nataka nyaya mkononi. Wakitaka niseme mimi ni gavana, nitasema." Iliniuma kwamba mtoto niliyemlea amefundishwa bei ya maneno yake na mtu kama Yahye.

Maka hatukumwambia kitu. Siku ya mahafali alivaa gauni jipya la dirac, akakaa mbele kwenye upande wa wanawake, Hooyo Injinia kamili. Hema lilikuwa na joto la kuivisha mkate. Wahitimu walipangwa na majoho yao meusi wakitokwa jasho, na wageni wa wizara wakaketi jukwaani mbele ya feni. Istahil aliitwa, akapanda ngazi kwa makofi, na alipogeuka kutazama watu nikaona uso wake umekufa. Nikafuata macho yake. Kwenye safu ya kwanza ya wageni, miguu ameikunja, alikuwa ameketi Hamse.

Hatukujua kwamba wamemwalika. Nikaielewa hatari hapo hapo, nikataka kupasuka. Akijibu alhamdulillahi, Hamse atalisikia neno hilo kwa masikio yake kutoka kinywani mwake, na hapo Yahye apige simu mpaka achoke, nani atamsadiki? Akijibu hana kazi, Yahye atamwita mwongo mbele ya wizara na hatampigia mtu yeyote simu. Na nafasi zilikuwa zinafungwa.

Yahye alishika maiki, meno yote nje. "Istahil, binti yetu! Nabad?"

"Nabad."

"Hooyo je?"

"Nabad."

"Na kazi?"

Istahil akafungua mdomo, akaufunga. Watu wakacheka kidogo wakidhani ni haya za kike. "Kazi, Istahil?" alirudia Yahye, na safari hii niliisikia amri ndani ya sauti yake. Mtoto hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake.

Maka akasimama. Nilijua atafanya nini, maana amekuwa akifanya hivyo maisha yake yote: atamjibia, alhamdulillahi, mashallah, na kila kitu kitakwisha. Nakiri kwamba kwa muda ule nilimchukia dada yangu.

"Nabad ma aha," alisema Maka.

Hakupiga kelele, lakini maneno hayo hayahitaji kelele. Wanawake waliokuwa karibu naye walishika vinywa. Nyuma mtu akauliza nani amekufa. Maka akawageukia wageni wa Nairobi, akatafuta Kiswahili chake cha kuuzia matikiti.

"Si nabad," alisema. "Hii mtoto yangu hana kazi. Kazi yake ni kukata tikiti na mimi. Hiyo bango inaongoba. Na mimi iko naongoba na yeye, kila siku alhamdulillahi, alhamdulillahi, mtoto anakauka hapa kando yangu. Yahye! Baneli umefungia stoo. Fungua stoo, wageni waone."

"Mama amepatwa na joto," Yahye aliwaambia wageni kwa maiki. "Mpeni maji." Akaashiria, na spika zikaanza kutoa qaswida. Mgeni mmoja wa wizara aliuliza habari ya hiyo stoo. Akaambiwa mwenye ufunguo amesafiri, akatikisa kichwa, akarudi kwenye simu yake. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Yahye, umbali wa mkono kutoka kwake. Mlinzi akamshika Maka begani amtoe. Nikaenda na bakora yangu, akamwachilia.

Niliwatazama wale wahitimu wenye majoho. Nusu yao walikuwa wanajua wanakoelekea, na wakubwa wao waliohitimu zamani walikuwa wamejaa kwenye viti vya nyuma, wapiga debe na wabeba mizigo wenye vyeti. Nilingoja hata mmoja asimame. Walitazama viatu vyao. Hilo sijawasamehe na sina mpango wa kuwasamehe.

Aliyesimama alikuwa Hamse. Jirani yake kwenye kiti akamuuliza anakwenda wapi na programu inaendelea, hakumjibu. Alikuja akipita katikati ya safu, na suti yake akachuchumaa kwenye vumbi mbele ya dada yangu. Mtu wa Mandera amesikia maneno yale, angekaaje kitini?

"Maxaa dhacay, eedo?" alimuuliza. "Kumetokea nini, shangazi?"

Hilo tu. Chuo kile na simu zake zote, na mkuu wake, na wizara yake, hakikuwahi kumuuliza mtu swali hilo. Maka akakaa, akamweleza kila kitu kwa sauti ya chini, tangu ubao wa rangi mpaka habari ya ofisi ya Yahye, ambayo Istahil alikuwa ameshuka jukwaani akamnong'oneza wakati ule ule, huku hotuba zikinguruma juu yao. Hamse hakumkatiza hata mara moja. Alipoinuka alimwambia Istahil afungashe.

Alikwenda Hagadera. Huko alichoma kitu kingine, akaniambia kwa simu akicheka, na fundi wake akamlazimisha akitengeneze mwenyewe. Sasa ameajiriwa kwenye kliniki ya Dagahaley. Friji ya chanjo iko chini ya mikono yake, paneli ziko juani zinapotakiwa kuwa, na nyaya nyeusi anazipima kabla hajazigusa. Maka bado anauza matikiti. Sokoni hawamwiti tena Hooyo Injinia. Siku ile waliona amejivua jina mwenyewe, na wengine walifurahi, namjua kila aliyefurahi. Siku hizi nikimsalimu huniambia ukweli kabla hata sijaketi, mgongo unamuuma, kodi haijalipwa, na sijui kama nimelizoea jambo hilo.

Yahye alipata karakana yake. Ni kubwa, ina paa la bluu na kufuli la kuvutia.

Istahil alikuja nyumbani kwa Idd, tukapita pamoja langoni. Bango limepauka kwa jua, na uso wake umebaki kivuli cha manjano. Nikainua bakora nilichane.

"Wacha, abti," alisema akitabasamu. "Sasa ni kweli."

Nikazitazama zile herufi nyekundu. Alipokuwa akikata matikiti huku machozi yamemkauka, zilisema tisa. Sasa anaamka alfajiri kwenda kazini, na bado zinasema tisa.

"Siku uliyopata kazi," nikamwambia, "hapo hapakuongezeka mtu hata mmoja. Wewe walikuwa wamekwisha kukuhesabu."

Tabasamu likamwondoka. Alisimama akijitazama pale juu na kofia yake ya kuazimwa. Kisha binti yule, mwenye adabu zake zote alizofunzwa na Maka, akatema mate.